Posho ya Mazingira Magumu

Kiti kilifika kabla ya mtu.
Lori la wilaya lilikishusha kimefungwa nailoni,
kikawekwa chumba cha mwisho, kituo cha afya cha Kwemkole,
na kwa miaka sita aliyekikalia ni Mbelwa mlinzi,
usiku, ameegemea kama bosi,
meno yake mwenyewe yakimuuma.

Sisi tulikuwa na Kopakopa, fundi baiskeli.
Koleo lake lilijua mnyororo, lilijua na gego.
Hakutoza kitu. Ukipona unampelekea kuku;
taya likivimba, kuku unamuuza
upate nauli ya Bombo.

Nilikwenda Bombo mara moja, mwaka wa mvua nyingi.
Pikipiki mpaka Muheza, basi mpaka Tanga,
foleni mpaka saa tisa, kisha: njoo kesho.
Na Tanga sina wa kunilaza.
Nikarudi na jino langu. Tukazoeana.
Muuza machungwa, miaka minne sijaonja chungwa.
Nikiulizwa, matamu? Najibu, matamu,
kama mtu anayesifia harusi asiyoalikwa.

Ndipo akaja Daktari Rehani Shempemba,
kijana, viatu vyeupe;
wiki moja tu vikawa rangi yetu.
Hajang'oa hata jino la kwanza,
karani wa kata keshatuambia anachopewa:
laki nne juu ya mshahara kila mwezi,
nyumba yenye umeme wa jua na tangi la maji,
na deni lake la chuo
linafutwa theluthi kila mwaka anaokaa kwetu.
Fungu hilo lina jina. Karani akalisoma, kidole kwenye mstari:
Posho ya Mazingira Magumu.

Tukanyamaza.
Mazingira magumu ni sisi?
Ni kisima cha bibi yangu? Ni njia hii
niliyoletwa nayo bibi harusi, miguu haigusi chini?
Mama Chausiku akainuka, akakung'uta kanga:
"Kumbe tunalipiwa ili tuvumiliwe."

Maneno yakazunguka.
Kuku mgeni, wakasema, safari hii
kamba ya mguuni imesokotwa kwa noti.
Wakasema anatupenda kwa risiti.

Mimi nikaenda na jino langu.
Sindano. Nikahesabu mbao za dari.
Akaniuliza habari za machungwa, mdomo uko wazi, nijibu nini?
Likatoka. Dogo!
Kitu kama punje ya hindi
ndicho kilichokula usingizi wangu miaka minne.
Njiani, nusu ya mdomo si yangu, nikawaza:
mimi nauza chungwa moja shilingi mia
na hakuna aliyewahi kuniuliza
kama naupenda mdomo utakaolila.
Wanauliza kama limeoza.

Mwaka uliofuata, Februari posho haikuja. Machi haikuja. Aprili kimya.
Tulijua kwa daftari la duka la Mgaza:
mchele kilo mbili, deni. Sabuni, deni. Sukari robo, deni.
Jumatatu moja akafunga chumba, akaenda wilayani kuulizia,
benchi likajaa watu wenye mashavu viganjani.
Siku tano. Wale wale wa risiti
ndio waliosimama barabarani kusikiliza pikipiki.
Mama Chausiku, taya limefungwa kanga ile ile,
akasema kwa upande mmoja wa mdomo:
"Si wamlipe tu!"

Alirudi na posho ya mwezi mmoja
na barua ya miezi miwili.
Jioni hiyo hiyo akawasha taa.

Huu ni mwaka wa tatu.
Ukutani kwake ipo kalenda. Sikukusudia kuitazama,
ila ukilazwa kwenye kiti kile huna pengine pa kutazama:
Septemba, tarehe thelathini, duara la kalamu nyekundu.
Mjukuu wangu Zawena anaota magego.
Karani anasema kuna mkataba mwingine, wamepandisha kidogo,
uko mezani kwa mtu, haujasainiwa.

Daktari sijamuuliza.
Lakini juzi, nyuma ya stoo, nilimkuta Mbelwa
ameitandaza juani ile nailoni ya kiti,
anaipangusa vumbi,
anaikunja taratibu, pembe kwa pembe.