Jiwe la Kilo

Luhende alileta diski mbili za breki,
za pikipiki iliyofia Isevya,
akazitua juu ya meza yangu ya asali
bila kuuliza kama meza inanata.

Ndege yake (naiita yake, ingawa nusu ya mbao
ililipwa na madumu yangu ya Sikonge)
ilikuwa ghalani Cheyo, bado haina mbawa,
imejikunyata kama panzi aliyetekwa na watoto.

"Kila gramu," alisema, "iombe ruhusa ya kupanda."
Alikwisha kutoboa kanyagio, kukata ncha za bolti,
kung'oa sponji ya kiti. Mezani alikula nusu sahani
akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepika uzito.

Diski moja: kilo na gramu mia mbili.
"Nataka kilo. Na isishuke chini ya kilo.
Breki haiui mwendo, Kalunde, inaugeuza moto,
na moto unataka pa kukaa.
Chuma kikipungua mno, moto unakosa kiti.
Kinapinda kama chapati,
nawe uko mwisho wa kiwanja, mbele yako miombo."

Akaenda karakana ya reli, zamu ya usiku,
kwa msumeno wa duara na mafuta ya kukatia.
Matundu thelathini na mawili kila diski.
Asubuhi alimwaga vipande kwenye sinia:
vidogo, viringo, kila kimoja na kitundu katikati.
Nyamizi akavihesabu kabla ya chai.
"Sitini na vinne. Baba, hizi ni kete."
Akavipeleka kwenye bao, na havikurudi.

Kisha kupima. Diski sahani ya kushoto,
jiwe langu la kilo sahani ya kulia.
Diski ikazidi. Akaikereza uso, unywele mmoja.
Ikazidi. Akaikereza tena.
Mkono wa mizani ukatulia sawasawa,
naye akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyelipwa.

Mimi nilikuwa nakunja mifuko.
Niliendelea kukunja mifuko.

Mwaka ule nyuki walipohama, na ada ya shule haikuhama,
fundi mmoja wa Gongoni alinichimbia jiwe lile kwa chini.
Tundu nikaliziba kwa nta, nta nikaipaka masizi.
Gramu themanini. Kijiko hapa, kijiko pale,
nani wa kuhisi kijiko?
Miaka tisa Tabora nzima imekula kilo yangu
na kulamba vidole.

Usiku ule nilimsikiliza akipumua.
Nilihesabu: kilo toa themanini.
Nikaona chapati. Nikaona miombo.
Saa tisa nikawasha taa, nikamwekea jiwe kifuani.
"Pindua," nikasema.

Akapindua. Akakwangua kwa ukucha.
Akachungulia tundu kwa jicho moja,
na Mungu ananisikia, neno lake la kwanza lilikuwa:
"Milimita kumi na nne. Kazi safi. Nani huyu?"
La pili hakulisema siku tatu.

Siku ya nne akayeyusha risasi ya betri,
akalijaza jiwe, akaenda kulilinganisha duka la dawa,
akarudi, akaliweka mezani pasipo kishindo.
Diski zile akazitundika ukutani ghalani
akaenda Isevya kutafuta nyingine.

Siku aliyopaa, pale kiwanja cha changarawe
walichokiacha watu wa tumbaku,
wote walitazama juu, vidole juu, simu juu.
Mimi nilisubiri chini, pale atakaposimama.
Nilitazama magurudumu.
Yalipita, yakalia, yakapunguza, yakakoma.
Nikainama, nikatema mate kwenye diski: *chwii*, kama pasi.
Nyoofu.
"Umeridhika?" akauliza kutoka juu.
Sikumjibu. Nilikuwa natafuta kiatu changu.

Jumatatu Mama Tausi wa Kanyenye
alitazama dumu lake, akanitazama mimi.
"Leo umenizidishia, shoga."
"Hapana," nikamwambia. "Hiyo ni kilo."