Tundu Lisilopumua

Miaka ishirini na sita hapa Ng'ambo, Tabora,
nakula kwa matundu.
La mwiba wa mgunga, la kigae cha chupa,
la msumari uliotoroka gereji,
yote nayasikia kabla sijayaona.
Nazamisha mpira karaini, nauminya,
tundu linajitaja lenyewe kwa viputo
kama mtoto aliyebanwa kuhusu sukari.

Jana, kipupwe kikali, umeme ukakatika.
Kalunde wangu wa kidato cha sita
akaja na daftari, akakalia debe la asali la Mhoja wa Sikonge
(baiskeli yake ninayo tangu Jumanne, inalia, sijaifungua).
"Baba," akasema, "katikati ya galaksi yetu kuna tundu jeusi."
Nikauliza analouliza fundi:
Nani kalitoboa?

"Halikutobolewa. Ni uzito.
Nyota kubwa huishiwa moto, ikajiangukia,
ikajikunja, ikajikunja,
mpaka mwanga, usiopitwa mbio na kitu,
unageuka utoke na kukuta njia zote zinarudi ndani.
Hayo ndiyo madogo.
Letu lina uzito wa majua milioni nne,
na lilivyonenepa, hata waliosoma hawajaafikiana."

Nikacheka hadi pampu ikaanguka.
Tundu lisilovuja!
Linaloingiza tu, halipumui!
Sasa karai lenu liko wapi, mwanangu? Mnaligunduaje?

Akanyoosha kidole juu, kusini kidogo,
palipomwagika ule unga wa nyota.
"Tunatazama zinazolizunguka.
Moja humaliza duru kwa miaka kumi na sita,
na ikifika karibu inachomoka kama iliyokoswa na jiwe.
Pale kati ukitafuta, giza.
Lakini mtu hazunguki bure."

Nikanyamaza. Baiskeli ya Mhoja ile pale,
na mimi najua ekseli imekwisha
kwa kilio cha gurudumu tu.

Akaokota kipande cha mpira chakavu,
akatia nukta kwa chaki: Tabora, Urambo, Kaliua, Uvinza, Kigoma.
"Shika huku." Tukavuta.
Urambo ikaiacha Tabora, Kaliua ikaiacha Urambo,
na Kigoma, iliyo mbali, ikatoroka kuliko zote.
"Ukikaa Kaliua utaapa wote wanakukimbia wewe.
Na wa Uvinza ataapa hivyohivyo.
Hakuna anayekimbiwa. Ni mpira unaotanuka."
Na kitovu?
"Hakuna kitovu."
Na utapasuka lini? Maana mpira naujua.
Akakaa kimya, kimya cha mtu mwenye mtihani.
"Hatujui, Baba. Tunajua unazidi kutanuka, na kasi inaongezeka."

Kisha akanitajia lililoninyima usingizi:
nyota za ukingoni mwa galaksi zinakwenda mbio mno,
uzito wote unaoonekana hautoshi kuzishika;
zilipaswa ziwe zimeshatawanyika.
Nikamwambia, gurudumu la hivyo, kama bado ni zima,
lina spoku ambazo hamjaziona.
Akanitazama. Akawasha tochi ya simu,
akaandika. Neno langu,
kwenye daftari la fizikia, kwa wino wa buluu.

Umeme ukarudi; mtaa mzima ukapiga kelele,
na mbingu ikafutika kama hesabu ya jana.

Asubuhi Mhoja kaja, kaegemea debe lake.
"Fundi, umeona ugonjwa uko wapi?"
Katikati, nikamwambia. Hauonekani.
Akashika mfuko wa shati.
"Huo usioonekana, shilingi ngapi?"