Maji Yasiyotoa Povu

Gwimo alihama usiku, chumba cha tatu, Mabibo,
kodi ya miezi miwili hajalipa.
Akaniachia sanduku la kioo,
samaki kumi na wanne, kila mmoja kidole cha mwisho,
makombe ya konokono yametupwa juu ya mchanga,
na karatasi aliyoibandika kwa plasta ya kidonda:
"Mama Semeni, usiwauze. Soma."

Nilitaka kuwauza.
Fundi wa mafriji akasema elfu kumi na tano,
kwa kioo, si kwa samaki.
Nikamwambia asubiri nimalize hasira.

Siku ya nne maji yalipungua.
Nikafanya ambavyo mtu yeyote angefanya:
bomba, ndoo, mwaga.
Asubuhi watatu walielea kiubavu,
chumba kinanuka dawa kama korido ya hospitali.
Ndipo nikasoma.

"Maji ya bomba yana dawa. Yaache wazi kwenye beseni
mchana kutwa, usiku kucha. Yapumue kwanza.
Usibadilishe yote. Robo tu, kila Jumamosi.
Kiumbe ukimhamisha ghafla, anaugua."
(Aliandika hivyo yeye, aliyehama kwa saa moja.)
"Sifongo usiioshe kwa sabuni. Ule uchafu wa kahawia
ndio unaokula sumu ya mkojo wao."

Na chini kabisa, pamepigwa mistari miwili:
"Maji laini yanawamaliza polepole. Wanataka magumu.
Karatasi ya kupimia ikiwa ya kijani, bado. Ikiwa buluu, sawa."

Maji magumu!
Miaka kumi na tisa nakitukana kisima changu.
Unasugua kola mpaka vidole vinachubuka, povu hakuna.
Birika limeota ukoko mweupe, ukiligonga linadondosha maganda.
Kunde zinamaliza gunia la mkaa na bado zinakutazama.
Wapangaji wananiuliza: mama, haya maji au matusi?

Nikachota ndoo. Nikachovya karatasi.
Buluu. Buluu ya sketi ya shule,
siku ya kwanza, kabla ya jua na jiki.

Kumbe kuna wanaoyalilia.

Gwimo aliwaita sikilidi. Mimi nawaita wapangaji:
kila mmoja na kombe lake, mlango mmoja, hakuna dirisha,
na jirani akisogeza chembe ya mchanga, ni ugomvi wa kutwa.
Nimeamua kesi kubwa kuliko hizo kwenye uwanja huu,
choo, taa ya nje, kamba ya kuanikia.
Hawa hawanihitaji niamue.
Wananihitaji kwenye maji tu.

Januari joto lilipanda mpaka maji yakawa ya kunywea chai.
Walikuja juu wanahema.
Nikagandisha chupa kwa Mama Zuhuri, nikaielekeza pembeni,
isishuke haraka, nyuzi mbili, basi.
Umeme ulipokatika saa nane, pampu ikanyamaza,
nikakaa na kikombe gizani,
nachota, napandisha mkono, namimina kutoka juu,
maji yachukue hewa njiani.
Nilihesabu mia nne, nikapoteza hesabu,
nikaanza tena.

Mwezi wa tatu, kwenye kombe lililovunjika ukingo,
niliona vumbi linaogelea.
Nikavaa miwani. Vumbi lina macho.

Jana simu, namba ngeni. Hakusalimia.
"Maji yakoje?"
"Magumu," nikasema. "Na kodi bado."
Akacheka, kisha akakohoa sana, kikohozi ambacho sikukipenda.
"Una dawa?" nikauliza.
Salio lake likaisha, au alikata.

Leo Ijumaa. Beseni liko barazani, wazi, linapumua.
Mpangaji mpya wa chumba cha tatu
ameinama na soksi zake mkononi.

Acha, nikamwambia.
Hayo yana wenyewe.