Hatua Nne

Alikuja mgongoni mwa kaka yake,
raba moja mguuni, nyingine mkononi,
na manyunyu ya Tukuyu yamewafuata hadi mlangoni.
"Nilisikia *ta!*" akasema. "Kama kikonyo cha ndizi."
Atuganile Mwaipaja, winga, miaka kumi na saba.
Jumamosi wana fainali.

Sikuanza panapouma.
Nilianza juu, karibu na goti,
nikashuka na mfupa polepole
kama mtu anayepapasa swichi gizani.
Nyuma ya kifundo, nje. Hapana.
Ndani. Hapana.
Kitako cha mfupa wa kidole cha mwisho. Hapana.
Kisha mbele kidogo, penye nyama laini:
akaing'ata kanga ya shangazi yake.

"Sasa simama. Nipe hatua nne."
Ya kwanza aliiiba.
Ya pili aliikopa begani kwa kaka.
Ya tatu ilikuwa yake.
Ya nne aliilia, lakini aliikanyaga.
Basi, picha ya mfupa tuiache leo.

Kocha kwenye simu: "Mchue, mfunge, acheze."
Shangazi na birika la maji ya moto.
Nikamwambia, mama, hayo tunywee chai.
Leo tunataka baridi,
na baridi ya Juni hapa hatuinunui:
kitambaa, maji ya bomba, robo saa,
bandeji, na mguu juu ya gunia la mahindi.

Ligamenti ni kamba ya mbuzi
iliyovutwa usiku kucha.
Asubuhi bado imefunga.
Usimfungie ng'ombe.

Siku ya tano uvimbe ulipopungua
nikashika kisigino, nikakivuta mbele.
Kikaja, kidogo, kama droo ya kabati langu bovu,
kisha kikagoma.
Sijawahi kufurahia mgomo kiasi kile.

Fainali aliitazama kutoka kwenye benchi,
amenuna, chupa za wenzake mapajani.
Walifungwa mbili. Kocha hakunisalimia sokoni.

Mimi niliwahi kuchuliwa, nikafungwa, nikacheza.
Tulishinda.
Mguu wangu huo sasa
hutangaza mvua kabla ya redio.

Wiki ya saba nilimkuta njiani, kando ya chai,
amesimama kwa mguu mmoja, ule ule,
macho kayafumba, mswaki mdomoni,
anahesabu puani.
Nilipita kimyakimya
nisije nikampotezea hesabu.