Karatasi za Jumuiya

Semina ya walimu imefungwa jana,
basi la Namanga ni kesho alfajiri.
Leo ni siku isiyo na mwenyewe;
nimeipa miguu.

Mkobani nina bahasha kutoka Sumbawanga:
karatasi kumi na moja, zimekunjwa mara nne nne,
na sarafu, kila mtu alichojaliwa.
"Utuwashie mishumaa kwenye hiyo bustani ya hija."
Desderia aliifunga kwa uzi wa cherehani
kana kwamba maombi yangevuja njiani.

Saa mbili asubuhi, pale Railways.
Basi refu, nusu tupu, vioo vimeoshwa.
Kondakta ananiambia finje.
Namtazama.
"Finje, mathe."
Na mimi, niliyefundisha Kiswahili darasa la sita
miaka kumi na tisa,
nanyoosha noti ya mia kama mtoto aliyetumwa dukani,
nasubiri chenji inifundishe.

Naomba anishushe kituo cha bustani.
"Steji gani?"
Kituo, nasema.
"Steji," anasema, polepole,
kama anayemsahihishia mgeni insha.

Barabara ya Lang'ata. Mijakaranda imemwaga zambarau
juu ya lami, juu ya paa la gari la polisi,
juu ya mwanamke anayeuza maua ya makaburini.
Nashika rozari, nahesabu.
Kila basi linaposimama nateleza punje moja.
Nimefika ya ishirini ndipo konda anapiga kofi kipaji:
"Aii! Si ungenikumbusha!"

Basi nikarudi kwa miguu,
kandokando ya michongoma iliyokatwa kwa rula,
mageti yenye picha za mbwa kuliko za watu.
Mlinzi mmoja, koti la mvua juani,
alinyoosha rungu:
"Fuata huo ukuta mpaka uchoke.
Ukichoka, umefika."

Nikachoka. Nikafika.
Na pale langoni mwa miti, kwenye jiwe,
kwa herufi za kuchonga:
KITUO CHA KWANZA.
Kituo!
Nilicheka peke yangu mbele ya Pilato,
mpaka bibi mmoja mwenye leso akajikohoza.

Dukani sista alizigeuza sarafu zangu,
akamwangalia faru, akawaangalia simba wawili.
"Hizi hapa hazitembei, mama."
Mshumaa hamsini. Nilikuwa na mia mbili na hamsini,
na nauli ya kurudi humo humo.
Minne, basi. Minne kwa watu kumi na mmoja.

Sikumwuliza mtu.
Goti la Mama Sikazwe nililiunga na mtihani wa Fulgensi.
Mume wa Ozaria, aliyepotelea Tunduma,
akae moto mmoja na bei ya mahindi
na mgogoro wa mpaka wa shamba.
Marehemu wote na wagonjwa waliosalia, wa tatu.

Halafu karatasi ya Kalistus.
Kalistus anayekuja jumuiya kubeba mabenchi tu,
anayekaa karibu na mlango,
anayeondoka kabla ya "Amina" haijapoa.
Nilikunjua: hapana kitu.
Nikageuza. Nikaiweka mbele ya mwali
nione kama kalamu iliishiwa wino.
Hapana kitu.
Na si kwamba hajui kuandika. Nilimfundisha mimi.
Mwandiko wake ulikuwa unalala kulia, kama nyasi za Ufipa.

Mshumaa wa nne nilimpa yeye, mzima.
Nilisimama pale hadi nta ikafika shingoni,
nikaikunja karatasi vilevile, mara nne,
kwenye mikunjo aliyoiweka mwenyewe.

Jioni, steji
(ndiyo, nimesema steji),
mvua ya rasharasha,
sarafu zinagongana mkobani kila basi linapokata kona.
Kesho nikivuka Namanga zitaanza tena kutembea.
Nitanunua mishumaa saba,
ile ya kawaida, ya umeme ukikatika,
niwapelekee deni lao.
Kalistus akiniuliza, nitamwambia niliisoma.

Hataniuliza.