Shamba Lake

Umeme umekatika tena hapa Isongole.
Nasahihisha madaftari kwa kibatari,
magoti ndani ya blanketi, chai imeshapoa.
Swali la nne: Lile ni shamba lake.

Kiswahili chetu hakiulizi.
“Lake” hulisikiliza shamba, si mwenye shamba:
koti lake, jembe lake, kaburi lake.
Neno likishapatana na kitu, mwenye kitu hujificha
kama Rungwe nyuma ya ukungu.

Kiingereza ni mbea. Kinataka kujua
ni wa kiume au wa kike
kabla hakijafunga sentensi.

Kitabu cha majibu kinasema “his”.
Watoto thelathini na wanane wameandika “his”,
hata Lusajo, ambaye kunakili tu humshinda.
Tusekile peke yake: “her”.

Kalamu nyekundu imeshanyanyuka.
Nakumbuka Machi, msiba wa baba yake,
baba mdogo akihesabu matuta ya viazi kwa hatua,
viatu vingali na tope la makaburini.
Na mama, kesho yake, yumo shambani anapalilia,
hakumwuliza mtu.

Swali la tano: andika upya bila kutaja shamba.
“That is hers.”
Ile s ya mwisho ameikandamiza,
ukigeuza karatasi unaipapasa kwa kidole
kama jicho la kiazi linalotaka kuchipua.

Nimeweka vema. Zote mbili.
Kisha nikavuta kitabu cha majibu,
nikakisahihisha nacho.