Usikipanguse

Septemba, Isevya. Hewa imekauka hadi nywele zinalia.
Nikivua sweta ya nailoni gizani naona cheche,
naisikia ikitafuna kama mtoto anayekula bisi.
Kitana kikipita mara tatu
nywele za Bi Nyanzala zinakifuata, zinasimama kukiamkia,
naye anacheka: Milembe, leo umenitia jini gani?

Kioo changu ni futi nne kwa tatu,
cha fundi wa Kanyenye, nilikilipa kwa mikupuo miwili.
Kila asubuhi nakisugua kwa kitambaa kikavu
na vumbi la barabara ya stesheni,
lililokuwa na safari zake,
linageuka, linaingia, linakaa.
Nasugua tena. Linaongezeka.
Nilidhani ni husuda ya saluni ya jirani.

Mihayo akapiga simu usiku, kwao mchana.
Mdogo wangu anachunga vioo. Ndiyo kazi.
Mama huwaambia watu anauza vioo vya magari.
Chake kina kilo arobaini, kinaning'inia kwa nyuzi nne za kioo
ndani ya chumba kilichonyonywa hewa yote,
kinangoja nyota mbili zilizokufa zigongane,
na nafasi yenyewe ijikunje kidogo,
kidogo kisicho na kipimo sokoni:
gawa unywele, gawa ulichopata,
gawa mpaka uchoke. Bado.

"Na unajua kinachotusumbua?" akasema.
"Sweta yako."

Chaji. Kioo kikiguswa mara moja tu
na kishikizo, siku ya kukifunga,
mguso unabaki.
Humo hakuna hewa ya kuubeba, hakuna unyevu,
hakuna ardhi ya kuukimbilia.
Unakaa miezi. Unakivuta kioo kombo
kwa mkono usioonekana,
nao wanakesha wakiuliza mbingu imesema nini,
kumbe ni Jumanne moja ya Machi
bado inashikashika.

Mnakifuta na nini?
Akanyamaza. Niliisikia mashine ikiunguruma nyuma yake.
"Hatufuti, dada. Kufuta ndiko kunakotia.
Tunafungulia gesi kidogo, naitrojeni iliyopasuliwa,
chembe chanya na chembe hasi pamoja,
zinapita taratibu, kila moja inatafuta ya kuzimana nayo.
Kisha tunanyonya upya, tunapima."
Yaani mnakipulizia.
"Haya, tunakipulizia."

Sikumwambia nilichokuwa nakiona.
Siku anaondoka, stesheni, behewa la tatu,
baba alimshika bega
akautoa mkono upesi kama aliyechomwa.
Miaka tisa. Hakuna aliyelitaja bega lile.
Wakiongea kwa simu neno linaenda upande:
mvua za mwaka huu, bei ya tumbaku,
mzinga uliohamwa na nyuki,
na hapana anayejua nani anavuta.
Mimi katikati na kitambaa changu,
nasugua, nasugua:
Baba hakumaanisha. Mihayo naye ana kazi nyingi.

Leo kitambaa kimebaki msumarini.
Nimekisogelea kioo, mdomo wazi, nikakipulizia pumzi.
Ukungu ukatanda, uso wangu ukapotea,
ukarudi polepole, kuanzia paji la uso.
Vumbi lililokuwamo limo. Jipya halijaja.

Saa tano treni ya Kigoma ikapita,
kioo kikatetema ukutani, chupa za mafuta zikagongana,
na safari hii nilijua ni treni.